Magunia Yaliyoachwa Barabarani

Kanyuambora, Mbeere,
9 Septemba.

Kwa Baba mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na Mama, na kila anayekuja kuota moto jikoni kwenu jioni. Natumaini goti lako limetulia baada ya baridi ya Julai, na kwamba Mama bado anakushinda kuamka. Huko Muthara nadhani ukungu haujaisha asubuhi. Huku kwetu ukungu ni hadithi tu. Jua huchomoza likiwa limeshakasirika, mbuzi hujipanga kwenye kivuli cha nguzo za stima, na nikifua, nikifika nguo ya mwisho, ile ya kwanza imeshakauka. Mimi ni mzima. Tafadhali lisome neno hilo mara mbili kabla ya kuendelea, maana mbele utalihitaji. Ningeweza kupiga simu, lakini kwa simu ungenikatiza, na wewe wanijua, ukinikatiza nalia, na nikilia simalizi.

Krismasi iliyopita uliniuliza mbele ya Mjomba kazi hii ya vijana ni kazi gani, mtu amesomea biashara chuo kikuu halafu anashinda akipiga gitaa na watoto wa watu. Sikukujibu kwa sababu sikuwa na jibu linalotosha meza yenye wageni. Leo nina nafasi.

Ni kazi ya kuandaa somo siku mbili usiku ukitarajia umati, kisha wakaja vijana sita, na wanne kati yao wamefuata chai. Ni kutembea mpaka vijiji vya chini, ambako njia ni mchanga na miiba, kumtafuta kijana mmoja aliyeacha kuja, na kuambiwa na mamake kwamba alienda Nairobi juzi na hakuaga mtu. Lakini pia ni msichana kukufuata nyuma ya kanisa akisema ana swali kuhusu mstari fulani, kumbe anataka kujua kama Mungu humchukia mtu anayemchukia babake. Ni Lenah, binti wa mjane mmoja ambaye ni fundi wa cherehani hapa sokoni, kuimba peke yake kwa mara ya kwanza, na mimi kusahau vidole vyangu juu ya nyuzi. Siku hiyo sikupiga gitaa, Baba. Nililishika tu. Wananiita Pasta ingawa sijawekewa mikono na mtu yeyote, na kila wakiniita hivyo nageuka kuangalia nyuma kama kuna mwingine.

Katika kwaya yetu kulikuwa na kijana anayeitwa Njuki, mrefu, mwenye sauti nzito inayotikisa madirisha ya kanisa. Alikuwa pia nahodha wa timu ya mpira. Huku, Baba, muguka ndio kama miraa kwenu. Mvua inakataa mahindi, muguka unakubali. Kwa hiyo vijana wetu karibu wote huamka alfajiri kuchuma majani, na wengine, sitakuficha, hutafuna. Njuki alikuwa anachuma na kutafuna pia. Alikuwa akija mazoezini vidole vikiwa vya kijani, akinuka majani, na akiimba kama mtu aliyetumwa.

Mwenyekiti wa wazee wa kanisa ni Mzee Muchangi. Usimhukumu upesi, kwa maana mimi nilimhukumu. Mwezi wa tano aliita mkutano akasema kwamba anayechuma au kutafuna muguka asisimame kwenye kwaya, asiongoze ibada, wala asishike sahani ya sadaka. Nilisimama. Niliwaambia wazee wale kwamba baba yangu ni mkulima wa miraa huko Tigania, kwamba kila karo niliyowahi kulipiwa ilitoka kwenye ile miti, na kwamba kama mikono ya wachumaji haifai kanisani basi hata hii yangu inayowapigia gitaa haifai. Mzee Muchangi akaniangalia kwa upole, jambo ambalo sikulitarajia, akasema, "Binti, baba yako alivuna. Mimi nilivunwa."

Sikuelewa mpaka nilipoambiwa nje. Kitinda mimba wake, Muturi, alianza kutafuna akiwa darasa la nane, na akili yake haikurudi sawa. Yuko pale nyumbani, mtu mzima, anazungumza na ukuta. Nilienda kulala siku hiyo bila kujua niombe nini.

Azimio lilipita. Jumapili iliyofuata benchi la wavulana lilikuwa tupu. Wazee walinishauri niwaache, watarudi wenyewe wakiona njaa ya neno. Mimi nikaona heri niwafuate. Kila Jumamosi nilienda uwanjani, kando ya mto uliokauka, nikakaa juu ya jiwe nikitazama mpira. Mara ya kwanza Njuki alinijia akasema, "Pasta, hapa hakuna sadaka. Utapoteza taimu yako bure." Nikamwambia sikuja kuchukua sadaka, nimekuja kushangilia, ila aniletee mtu wa kunieleza sheria ya kuotea, maana sijawahi kuielewa. Alicheka, akaniletea mtoto wa darasa la tatu anifundishe. Sikuhubiri. Niliketi tu, Jumamosi baada ya Jumamosi, na sikuona dalili yoyote kwamba kulikuwa na faida.

Sasa nimefika mahali pagumu. Rudi juu usome tena lile neno kwamba mimi ni mzima.

Kwa muda tumbo lilikuwa likinichoma. Nilijiambia ni kufunga, ni pilipili, ni kukosa usingizi. Nilinunua dawa za dukani nikameza nikaendelea. Jumamosi moja katikati ya Agosti, tukiwa uwanjani, niliinuka kushangilia bao na dunia ikazunguka. Nilitapika, Baba, na kilichotoka kilikuwa cheusi kama majani ya chai yaliyochemshwa mara ya pili. Kisha ikaja damu. Nakumbuka mchanga kwenye shavu langu, na sauti ya Njuki ikiita jina langu halisi, Kanana, si Pasta. Yaliyofuata mengi nimesimuliwa na Lenah, ambaye alikuwa nami uwanjani na hakukiachia kichwa changu hata kidogo.

Barabarani palikuwa na pikapu ya muguka imejaa magunia mpaka juu, tayari kuondoka kwenda Embu. Dereva wake anaitwa Bundi. Wewe ni mtu wa miraa, sihitaji kukueleza majani hayangoji mtu. Ukichelewa jioni moja, jasho la wiki limekuwa chakula cha mbuzi. Walinibeba mpaka hapo, Njuki akamwambia Bundi ashushe mzigo. Bundi akasema hawezi, magunia yale si yake, ni ya kijiji kizima. Njuki akamuuliza, "Ya kijiji kizima. Na huyu ni wa nani?"

Lenah anasema Bundi hakupata nafasi ya kujibu. Akina mama waliokuwa wamechuma tangu alfajiri, waliokuwa wamekaa pale wakingoja tu gari liondoke, ndio waliopanda kwanza kwenye pikapu wakaanza kurusha magunia chini. Wenyewe, Baba. Gunia baada ya gunia, yakaanguka kwenye vumbi la barabara, na mwanamke mmoja akatandika leso yake pale nyuma ili nisilale kwenye chuma. Gari likaondoka kwenda hospitali ya Embu. Magunia yakabaki pale pale, na giza lilipoingia muguka ulikuwa umenyauka.

Zile pikapu ambazo sisi watu wa kanisa huzilaani zikitupita kwa kasi, moja yao ndiyo iliyonibeba. Daktari aliniambia baadaye kwamba kama tungefika tukiwa tumechelewa kidogo, asingekuwa na mtu wa kuzungumza naye.

Nilikuwa na kidonda tumboni kilichokula mshipa. Walifanikiwa kukifunga, lakini damu niliyopoteza ilikuwa nyingi, na akiba ya hospitali ilikuwa chini. Shule zilikuwa zimefungwa, na wanafunzi ndio hutoa damu kwa wingi. Niliongezewa iliyokuwepo, ikawa haitoshi. Asubuhi ya Jumapili muuguzi akatoka nje akauliza ndugu za mgonjwa ni akina nani. Timu nzima ikasimama, bado wana jezi za jana na vumbi la uwanja miguuni. Muuguzi akasema anauliza ndugu wa damu. Njuki akamjibu, "Si ndio tumekuja tuwe?"

Walipimwa mmoja mmoja. Njuki, kundi lake lilifaa, lakini moyo wake ulikuwa ukienda mbio kwa ule muguka aliokuwa ametafuna tangu jana. Wakamwambia hawawezi kumtoa damu akiwa hivyo, anywe maji, apumzike, aone kama utatulia. Mkebe wake wa muguka aliumwaga kwenye pipa la takataka la hospitali, akaketi kwenye nyasi. Lenah anasema alitetemeka, akatokwa na jasho, akawakaripia wote waliomsemesha, lakini hakuondoka. Mchana alirudi ndani kupimwa.

Huku nyuma kanisani, Mzee Muchangi alikuwa amesimama mbele kuanza ibada, akaona si benchi la wavulana tu lililo tupu, hata la wasichana. Mamake Lenah akasimama akaeleza. Mzee akafunga Biblia. Akasema ibada ya leo imehamia Embu, mwenye gari na alete gari.

Alipofika alikunja mkono wa shati yeye mwenyewe, akaunyoosha. Wakamwuliza umri, wakamwambia amepita kiwango, hawawezi kumtoa damu. Alikaa pale, mkono bado umekunjwa, hajui auweke wapi. Ndipo Njuki akaitwa alale kitandani. Mzee akasogea karibu akamwuliza, "Nikushikie nini?" Njuki akavua kofia yake, ile chafu ya kuchumia, akampa. Na Mzee Muchangi akaishika kwa mikono miwili mbele ya kifua chake, vile tunavyoshika sahani ya sadaka, mpaka mfuko ulipojaa.

Hilo sikusimuliwa na Lenah. Niliambiwa na Mzee mwenyewe, ameketi kando ya kitanda changu, akiangalia dirishani ili nisione macho yake.

Nilipofungua macho sawasawa ilikuwa mchana wa Jumatatu na nilikuwa peke yangu. Juu yangu mfuko ulikuwa umening'inia, na mrija mwekundu ukishuka mpaka mkononi. Baba, tangu nianze kazi hii nimefundisha kuhusu damu. Nimeimba kuihusu, nimewaimbisha wengine, nimechagua nyimbo kwa kuangalia kama zinacheza vizuri na gitaa. Sikuwahi kuiona ikishuka tone baada ya tone ikija kwangu mimi, mtu ambaye hakufanya lolote isipokuwa kukaa juu ya jiwe. Niliogopa. Si kuogopa kufa, maana hatari ilikuwa imepita. Niliogopa kama mtu aliyeingia mahali patakatifu bila kuvua viatu. Nilitaka kuvua kitu lakini sikuwa na viatu. Nikabaki nikitazama tu, nikijaribu kupumua polepole nisiusumbue ule mrija.

Nisikudanganye kwamba mambo yote yamenyooka. Mzee Muchangi bado anauchukia muguka, na alimwambia Njuki hivyo usoni. Njuki huacha wiki moja, hurudia wiki nyingine, kisha huja kuniambia kabla sijasikia kwa wengine. Lakini wachumaji wamerudi kwenye kwaya, na hakuna mzee aliyeuliza azimio lile lilikwenda wapi. Na Njuki amekuwa akipita kwa Mzee kila jioni ya mazoezi kumchukua Muturi. Humshika mkono mpaka uwanjani, humweka nyuma ya goli. Muturi hazungumzi na ukuta akiwa pale. Mpira ukitoka nje yeye huufuata, huurudisha kwa mikono miwili, na timu nzima humwambia asante. Mzee Muchangi huja naye sasa, na katika ibada ya vijana huketi mbele kabisa, akikosea maneno ya nyimbo zetu kwa sauti kubwa.

Hamkuambiwa kwa sababu nilimkataza Lenah. Niliijua presha ya Mama, nikajua na wewe ungepanda gari usiku ule ule na hilo goti. Ndiyo maana simu zangu za Agosti zilikuwa fupi. Nisameheni, na umwambie Mama taratibu, akiwa ameketi.

Na kuna la mwisho, ambalo nimelisukuma mpaka hapa chini nikitumaini kwamba ukifika utakuwa umelainika. Ile nafasi ya Meru mjini, kwenye sacco, ambayo Mjomba alinitafutia na wewe ukamchinjia mbuzi kumshukuru, nimewapigia nikawaambia wampe mwingine. Najua ulivyotaka niwe karibu nanyi, nilale penye maji ya mfereji, niolewe na mtu wa kwetu. Uliwahi kuniambia nisizoee sana watu wa huku chini kwa sababu mimi si wao. Ulisema kweli wakati ule. Sasa, Baba, ukiulizwa pale sokoni binti yako ni wa wapi, itabidi useme ni Mtigania, na kwamba ana Mbeere kidogo mwilini. Siwezi kuchukua damu ya watu na kuondoka nayo.

Nakuomba uje. Si kunichukua, kuniona. Magunia yale mpaka leo hakuna aliyenitajia hasara yake, na kila nikianza kuomba radhi, akina mama wale huniuliza kama nimekula. Ukija utajua uwaambie nini, kwa lugha ya mkulima kwa mkulima, kwa sababu mimi maneno yameniishia.

Mbusu Mama kwa niaba yangu. Mwambie Mwenda, ndugu yangu, kwamba yale mashati yake niliyoyachukua yamenisaidia sana na siyarudishi. Mungu awalinde katika usingizi wenu na katika kuamka, na kama kuna mvua huko, mtusukumie kidogo.

Ni mimi binti yako, mzima kabisa,

Kanana