Matawi Mbele ya Jeep

Goma, Mabanga

Yaya Donatille, dada yangu mkubwa,

Nakusalimu kwa heshima, wewe na shemeji Habarurema na nyumba nzima. Huko Kiwanja mnaamkaje? Mgongo wako unakuacha ulale? Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu.

Sasa kaa chini, na kama umefunga kitambaa cha msiba, kifungue. Binti yako Uwitonze yu hai. Mtoto wake, msichana, yu hai pia. Nimesikia kwamba sokoni kwenu wanasema amekufa, na watu wameanza kuja kukaa nanyi. Simu haziingii huko, ndiyo maana nimempa Mama Alima, yule muuza vitunguu, akubebee barua hii. Waliosema hivyo hawakutunga. Uongo ni wetu, mimi na rafiki yangu Yuma.

Unajua kazi yetu ya kujitolea, sisi wenye jeep. Ambulansi ikishindwa na tope la Masisi, watu wa huduma ya dharura hutuita tukachukue wagonjwa. Safari hii walisema ni mama mwenye uchungu, mtoto amekaa vibaya, asipofika Goma atakufa. Jina hawakutaja. Nilipoingia alimolazwa, nikakuta ni mtoto wetu.

Tulimlaza nyuma katika jeep yangu, Yuma akatangulia na yake, akinivuta kwa kamba kila tope lilipozidi. Kabla ya Sake mwenye pikipiki mmoja alitusimamisha, akasema kuna bariera mpya mbele, wenye silaha wamefunga njia, wananyang'anya jeep na kuwarudisha wagonjwa. Njia nyingine hakuna. Yuma ndiye aliyesema tukate matawi. Gari lenye matawi mabichi mbele limebeba maiti, na maiti hata wale hawamsumbui. Nikamweleza Uwitonze. Akaitika kwa kichwa, akajifunika kitenge mwenyewe mpaka usoni.

Yaya, sijawahi kuogopa namna ile. Mmoja wao aliuliza marehemu ni nani. Kichwa changu kilikuwa kitupu, sikupata jina la kutunga, nikataja lake na la baba yake, na wasafiri wote waliokuwa pale wakasikia. Kisha akafungua mlango wa nyuma, akamshika mguu. Ulikuwa wa baridi kwa mvua iliyotunyeshea njiani. Nilimwomba Mungu uchungu usimshike wakati huo, asilie, asisogee. Hakusogea. Yule mtu akafanya ishara ya msalaba, akatupa pole, akatuachia njia.

Yuma alibaki Sake kuvuta gari jingine, mimi nikaendelea. Sasa nakuambia neno ambalo hata yeye halijui. Nilimwita Uwitonze nimweleze kwamba tumepita. Kimya. Nikamwita tena, nikapiga kelele. Kimya. Ningesimama nimfunue, lakini nilishindwa. Niliogopa nitakachokiona. Niliendesha mpaka Goma nikilia peke yangu, na matawi yangali mbele.

Mlinzi wa hospitali aliyaona, akaninyooshea mkono nyuma ya majengo, akasema morgi iko kule. Nami sikubisha, Yaya. Nilikata usukani, nikampeleka mwanao kwa maiti.

Muzee anayepokea maiti ndiye aliyeinua kitenge. Alinigeukia kwa hasira: “Papa, weye ni mwendawazimu? Huyu mutu iko anapumua!” Tulikimbia naye juu ya machela yao ileile mpaka wodi ya wazazi, wakampasua, wakamtoa mtoto. Daktari alisema tungekawia kidogo tu, tungewakosa wote wawili.

Nilidhani alikuwa amezimia, hajui lolote. Jana nilipomtembelea aliniambia alimsikia mlinzi akisema morgi, akasikia gari likigeuka, na sauti ya kuniita hakuwa nayo. Nilitaka ardhi inimeze. Nikamwambia Yuma ndiye atakayewaleta Kiwanja, maana tangu siku ile sijashika usukani. Alikataa. Alisema nitawaleta mimi, hatapanda gari la mtu mwingine. “Ila safari hii, mujomba,” akasema, “mimi nitakaa mbele.”

Nisalimie shemeji, na wale waliokuja kukaa nanyi uwapikie chai kabla hawajaondoka. Ukinikasirikia una haki, lakini unipokee.

Mdogo wako,
Habineza