Mkono Wako Kwenye Picha ya Baba

Mama yangu,

Nakuandikia nikitumaini goti limetulia na unapanda tena gari la Muhuru Bay kufuata dagaa wa omena bila kushikwa mkono. Mimi ni mzima, kikohozi kimeisha. Baridi ya huku ughaibuni ndiyo hiyo hiyo, na sina wa kuzungumza naye Kiswahili chetu cha nyumbani, nusu cha Baba Mjaluo, nusu chako Mkuria.

Barua yako ilifika. Unataka nirudishe picha ya Baba ili fundi wa Homa Bay aikuze kabla ya ibada ya kuweka msalaba kaburini. Nimekawia kujibu kwa aibu. Mama, picha haipo. Niliisimamisha dirishani, theluji ikayeyuka, maji yakapenya, ikagandia kioo. Nilipoivuta, uso wake ulibaki kwenye kioo. Ndiyo pekee tuliyokuwa nayo, na uliniamini nayo. Nililia kama mtoto. Nisamehe.

Lakini usikate tamaa, sijamaliza. Ofisini tunaandika kitabu cha kufundisha Linux, mfumo wa kompyuta uliotengenezwa na watu wa nchi nyingi na kugawiwa bure. Najua utasema kama unavyowaambia wateja wako pale Rodi Kopany, "Mtu hakupei kitu bure kama hana yake." Hawa yao sijaiona bado. Kazi yangu ni kupiga picha za skrini: naiambia kompyuta ijipige picha ya kile inachoonyesha, bila kamera, na picha hiyo inaingia kitabuni.

Wiki yangu ya kwanza niliinakili picha ya Baba kwenye kompyuta, nikaitandaza nyuma ya kila kitu, kama kitambaa cha meza kabla ya kupanga vikombe. Baadaye tuliweka mfumo upya, nami mzembe sikuihifadhi, ikafutika. Na picha za kitabuni mkubwa wangu wa kazi aliagiza ziwe na nyuma nyeupe, kwa hiyo zile nzuri zote hazina Baba.

Iliyobaki ni moja, nayo ni ya makosa. Ile programu ya kupiga picha ina kisanduku chake cha vitufe kinachotokea kwenye skrini, na ukiiambia ingoje sekunde chache unapata nafasi ya kukiondoa. Wiki ile ya kwanza sikujua, nikapiga na kisanduku kikaingia. Mkubwa aliitunza kwenye diski iwe mfano wa kosa. Juzi nilipoiomba alishangaa naitakia nini. Nikamwambia yule ni baba yangu. Akanichapia mwenyewe, kwa karatasi nene.

Nimeifunga humu. Baba ameketi kando ya mizani ya samaki, kofia imeinama, uso wote upo. Saa ya kompyuta iliyo pembeni fundi ataikata. Kisanduku kimeangukia bega la kushoto. Unakumbuka ulikataa kupigwa picha na leso yako ya kuuzia omena, ukasimama kando, kikaingia kiganja chako tu begani mwake? Hicho ndicho kilichofunikwa.

Nisalimie kaka mkubwa anayejenga msalaba, shemeji anayekusomea barua, na Nyanya, mama yako kule Kehancha.

Siku ya ibada picha ikishasimamishwa, nenda ukasimame upande ule ule, uweke mkono wako pale.

Ni mimi mwanao,
Otieno