Uzio wa Perege

Jumamosi, Machi 1957

Bado amenuna, na anune tu. Mume wangu alichimba lile bwawa ili apige makasia na wageni wake Jumapili baada ya ibada, sawa. Lakini kuziba mfereji wa kutolea maji kwa uzio wa mianzi, eti perege wake wasitoroke!

Leo mvua imemwagika toka asubuhi. Majani yakanasa kwenye mianzi, maji yakapanda karibu yapite juu ya tuta. Udongo mtupu ule, yakipita tu, linakwenda lote. Na chini yake ndipo anapokaa Mama Atupele na wanawe.

Uzio niliung'oa wote.

"Mama Neema, samaki wangu!"

"Waache waende. Watoto wa watu hawajui kuogelea."

Maji yakashuka. Samaki nao...

Jioni Mama Atupele katuletea bakuli la perege kwa mchuzi wa nyanya. Baba Neema kala mpaka vichwa, kisha akauliza uzio wake uko wapi.

Nimempa Mama Atupele. Ndio uchanja anaokaushia samaki waliobaki.