Fundi Mageti, Kutu Yako Wameisugua

Mwaka umezunguka tangu jioni ile ulipozima mashine ya kuchomelea, ukavua miwani myeusi, ukamwambia Mama kifua kinakubana, ngoja ujinyooshe kidogo. Hukuinuka tena. Miwani yako bado inaning'inia pale pale kwenye msumari, na hakuna mwenye ubavu wa kuitoa.

Watu walikuita Fundi Mageti. Hukukabidhi geti bila kuligonga kwa kifundo cha kidole, nondo moja baada ya nyingine, kichwa umekiinamisha. Wateja walidhani unakagua maungio. Wewe ulikuwa unatafuta sauti. Jirani yetu wa geti la kijani alipolalamika kwamba nondo zake hazilingani, ulimjibu, "Hazilingani kwa macho, mzee. Hebu zigonge." Akazigonga, akacheka mwenyewe, akaenda zake. Geti lake ndilo linalofungua wimbo wa tatu wa albamu yako.

Ulikuwa na huruma isiyo na kelele, wewe mtu wa kelele. Bibi wa nyumba ya kona akiumwa, ulibeba grainda yako na kwenda kukatia vyuma kule uwanjani, kwenye jua kali, ili yeye apate usingizi. Hukumwambia mtu. Tulijua kwa sababu ulirudi umebabuka shingo.

Albamu yako, Kutu, uliitengenezea humo humo karakanani, siku za mapumziko, miaka nenda miaka rudi. Ilikuwa ya muziki mzito wa magitaa, hevi metali, lakini hevi metali ya kwako. Gitaa la rafiki yako Mkasi, yule kinyozi, linanguruma kama bati linalong'olewa na upepo. Mara anaingia mpiga zumari wa harusini, nyuma yake kwaya ya akina mama, halafu marimba, halafu nondo zako, na juu ya yote hayo wewe, unanguruma kutoka chini ya kitovu.

Mama alipokusikia mara ya kwanza aliacha kukuna nazi.

"Mwanangu, hiyo ni sauti yako, au umebanwa na geti?"

"Ni sauti yangu, Mama. Geti liko wimbo wa tatu."

Tusimsingizie Mama, hakuipenda. Alisema ni muziki wa kubomolea nyumba. Mpaka ukafika wimbo wa sita.

Siku ya kurekodi wimbo huo ulisahau kufunga mlango wa nyuma. Magitaa yalipotulia kidogo kuvuta pumzi, Mama akaita kutoka jikoni: "We baba, njoo ule, chakula kinapoa." Kinasa sauti kikamdaka mzima mzima. Mkasi akataka mrudie mwanzo. Ulikataa. Ulimwambia wimbo ulikuwa unaelekea hapo hapo, ni nyinyi tu mlikuwa hamjui. Ukaufumua wote ukaushona upya kuzunguka mwito ule. Zumari likauiga, kwaya ikauitikia, magitaa yakaporomoka hadi kwenye sauti ya Mama, na mwisho kabisa wewe ukaacha kunguruma, ukajibu kwa sauti yako ya kila siku: "Nakuja, Mama."

"Umenitia kwenye makelele yako bila hata kuniuliza," alisema Mama. "Na siku hiyo nilikuwa na mafua."

Lakini kuanzia hapo, wimbo wa sita ukikaribia, Mama alitokea karakanani na mwiko mkononi, akijifanya anatafuta mfuniko wa sufuria. Hakuna sufuria iliyowahi kuingia karakanani.

Tangu uondoke, Mama hajamwita mtu yeyote kwa maneno yale. Sisi tunaitwa mezani kwa kugongewa sahani. Maneno yenyewe, na jibu lako, yamebaki mahali pamoja tu duniani, katika wimbo wa sita.

Sasa sikia walichofanya, na ukigeuka huko uliko, geuka.

Mkasi alimkabidhi albamu hiyo mwenye studio mmoja, bwana wa manukato mengi, kwa agizo moja tu: toa nakala. Yule bwana hakutoa nakala. Aliisafisha. Alifuta ngurumo zako, akafuta nondo, akayalaza magitaa chini kabisa yasisikike, akabakiza kwaya na zumari, akamwagia vinanda vya kulegea kama uji uliopoa. Akaibandika jina Utulivu wa Mwisho. Kwenye jalada umevaa suti ambayo hukuwahi kuwa nayo. Kichwa ni chako, mabega ni ya mtu mwingine. Baba aliitazama picha ile, akaigeuza kifudifudi, akaenda kunawa mikono.

Tuliitwa studio tukasikilize. Makochi meupe, baridi ya kugandisha magoti. Bwana Studio akamvalisha Mama vile vidude vya masikioni kwa heshima zote.

"Mama yangu, nimemtoa uchafu wote. Sasa hata mahali pa watu wastaarabu wanaweza kuipiga, watu wakanywa chai bila kushtuka."

 Mama alikaa mkao wa mtu anayesubiri jina lake liitwe. Nyimbo zikapita. Wa sita ukaanza, na sisi tukamwona anasogea mbele kidogo, midomo imeanza kumcheza. Wimbo ukafika palepale. Vinanda vikamwagika. Wimbo ukapita, ukaisha.

"Nirudishe nilipokuwa," alisema Mama.

"Ulikuwa wapi, Mama?"

"Hapo katikati. Mimi ndiye ninayemwita ale."

Yule bwana akacheka, tena kwa upole. "Aa, ile. Ile ilikuwa makosa, Mama yangu. Kuna mtu alipiga kelele huko nje, tukamfuta."

"Mtu," alisema Mama.

"Eeh, mtu tu."

"Na aliyemjibu je? Naye ni mtu tu?"

Alivua vile vidude, akaviweka juu ya kochi jeupe, akatoa leso, akajipangusa masikio, moja kisha la pili, taratibu, kama aliyeingiwa na maji ya mtaro. Kisha akatoka. Mate aliyotaka kutema aliyameza mlangoni, tulimwona, kwa ajili ya malezi yake tu.

Siku Utulivu wa Mwisho ilipozinduliwa, mdogo wako wa kike alisimama mbele ya wageni akasema: "Huyu amemwosha marehemu wetu mara ya pili, safari hii kwa mikono michafu." Aliketi bila kuongeza neno. Bwana Studio akasema amedhalilishwa. Baba Mdogo, ambaye unamjua hawezi kuona ugomvi asikimbilie kuufunika blanketi, akamwahidi kwa niaba yetu kwamba ataombwa radhi hadharani, humu humu katika tangazo hili la kumbukumbu yako gazetini, na yule bwana akaridhika kungoja.

"Maneno mawili tu, shemeji," Baba Mdogo alimbembeleza Mama. "Mtapungukiwa nini?"

"Nafasi hii ni ya mwanangu," alisema Mama. "Nikimweka yule humu, nitakuwa nimemkaribisha kitandani kwa mtoto."

Fundi, Kutu haijafa. Nakala nzima anayo Mkasi. Mwaka mzima ameipiga kwenye kibanda chake cha kunyolea, na mteja aliyenyolewa upande mmoja ataenda wapi? Wengine sasa wanarudi kabla nywele hazijaota.

Jumamosi hii mchana milango ya karakana itakuwa wazi. Kutu itapigwa yote, mwanzo hadi mwisho, kwa sauti uliyoizoea wewe. Bibi wa nyumba ya kona ametuma salamu kwamba tusiende uwanjani, atakuja na kiti chake. Ukifika wimbo wa sita tutanyamaza, Mama akuite, nawe umjibu.

Wanaokukumbuka ni Mama yako. Baba yako, fundi wa makochi, ambaye bado anagonga miguu ya viti kutafuta ulichokuwa unakisikia. Mdogo wako wa kike. Baba Mdogo, licha ya blanketi lake. Rafiki yako Mkasi. Na jirani wa geti la kijani. Kila geti litakapogongwa mtaani humu, wewe ndiye tutakayekuwa tunamsikia, siku zote za uhai wetu.

Na wewe Bwana Studio, uliyekuwa unasoma hadi hapa ukingoja yale maneno mawili: hatuombi radhi.