Lango la Fundi Salvatory

Ngumbo, 14 Agosti 1996

Dada Emiliana,

Leo sikufichi neno. Unakumbuka Fundi Salvatory alivyokufukuza katika karakana ya misheni ulipotaka kujifunza kuchomelea, akisema, "Binti, rudi ukaanike dagaa wako wa usipa"?

Sasa hapo karakana, ninapojifunza mimi, tuna mashine ya kuchomelea kwa waya. Bruda Adrian, msimamizi wetu, alitufundisha tufunge mlango kwanza, kwani upepo hupeperusha gesi inayokinga mshono, nao hujaa vitundu. Salvatory, aliyezoea mashine ya vijiti isiyotumia gesi, alikataa somo. Akachomelea lango la kanisa nje, upepo wa ziwani ukivuma. Nilimwona, nikanyamaza makusudi. Jumapili lango lilikatika mbele ya waumini wote, ila hakuumia mtu.

Bruda ameniagiza nilichomelee upya, Salvatory anishikie vyuma. Nimeomba nikusubiri, ukamilishe wewe mshono wa mwisho. Utafika lini?

Mdogo wako,
Kunigunda