Kwa Prosper, Aliyepasua Kidari cha Ukoo

Mwanangu Prosper, mtoto wa marehemu mdogo wangu,

Mimi ndiye niliyekufundisha baiolojia kabla chuo kikuu hakijakuona, na hapa Uru kila mtu anajua. Haya, hakuna anayejua, na si kweli. Niliishia darasa la nne, na hilo la nne lenyewe nilikaa karibu na mlango. Nilichokufanyia ni kukukamatia vyura. Ulikuja likizo na chupa zako, ukagoma kuingia mfongoni, ati maji ya mfereji yanatoka mlimani, ni baridi. Msomi wa viumbe anaogopa maji! Nikakunja suruali nikaingia mimi, nikawa nakutupia vyura, na wewe unawapokea kwa leso kama mtu anayepokea Komunyo.

Naandika wazi, asomaye asome, kwa sababu barua ya bahasha hukuijibu.

Unaikumbuka ile Krismasi baada ya kuhitimu. Wenzako wa Dar walipanda na magari ya mitumba na miwani ya jua hawaivui hata ndani ya nyumba. Wewe ulikuja na picha umevaa joho. Tukasema tumheshimu msomi wetu, tukakukabidhi kisu umpasue mbuzi wa ukoo. Sasa, hata mtoto wa Kichagga anayenyonya anajua kidari hakiguswi. Kinatolewa kizima, anapewa mkubwa wa ukoo, yaani mimi, ndipo wengine wafuate, kila mtu na kipande chake. Wewe ukapitisha kisu katikati ya kidari, ukamfungua mbuzi kama kabati.

"Tazameni," ukasema, "moyo unakaa hapa."

Filipo, binamu yangu mwenye duka la mitumba Majengo, akashika kichwa. "Mungu wangu! Sasa kaka atakula nusu ya heshima?"

"Baba mdogo, nyama ni ile ile," ukamjibu.

"Ile ile? Hiyo ndiyo digrii? Basi ni digrii ya mbuzi!"

Tulicheka mpaka pombe ya mbege ikamwagika. Mimi mwenye kidari nilicheka kuliko wote. Mwaka Mpya haukukukuta hapa, na mlima hujaupanda tena. Mtu mzima kukimbia ukoo kwa utani wa nyama! Hapa kuna watu wamefilisika, wameachwa na wake, wameshikwa na kuku wa jirani, na kila Krismasi wanakuja, wanakula, wanaomba kuongezewa.

Lakini kuna jambo la siku ile sidhani kama ulilitilia maanani. Watu walipohamia kwenye mbege ulibaki umechuchumaa penye matumbo, na kitinda mimba wangu Resti, wakati huo bado anang'oka meno, amechuchumaa mbele yako. Ukachomeka bua la jani la mpapai kwenye koo la mbuzi, ukapuliza. Mapafu yakavimba, yakawa makubwa, ya rangi ya waridi. Resti akaanguka kwa makalio.

"Kaka, amefufuka?"

"Hapana. Ndivyo na yako yanavyofanya sasa hivi."

Akashika kifua chake, akatulia. Mimi niliona tu mtu anayechezea kitoweo.

Tangu hapo nimekuwa nasikia habari za kazi zako, na kila habari imenipa kicheko kipya. Ulituambia utaingia kwenye utafiti wa kahawa, uyashinde magonjwa ya buni. Serikali ikafunga ajira ukiwa bado unapiga pasi shati la usaili. Ukafundisha shule ya mtu binafsi, chura unamchora ubaoni kwa chaki, maana wa kupasua hakuna na visu hakuna. Ukauza dawa za kahawa msimu ule ule watu wanaing'oa kahawa kimya kimya wapande nyanya. Nani mwingine angeuchagua wakati huo? Na sasa uko kiwanda cha bia, Dar, unachungulia hamira kwenye darubini. Miaka yote ile ya chuo kikuu ili bia ichachuke! Mbege yetu inachachuka bila kusimamiwa, na wanaoilinda wengine hawawezi hata kusimama.

Sasa nikuambie kilichonifanya nitafute kalamu. Resti amepata nafasi chuo kikuu. Tulingoja aseme uhasibu, kama watoto wa watu. Amechagua sayansi ya viumbe. Siku hizi serikali inataka wazazi tuchangie, na mimi peke yangu siwezi, kwa hiyo ukoo ukaitwa.

"Binti," Filipo akamuuliza, "ukimaliza utakuwa nani?"

"Sijui bado, baba mdogo."

"Hajui! Na Prosper hakujua. Digrii ya mbuzi tunayo moja, ya pili ya nini?"

Wakacheka, wale wale. Resti hakucheka. "Kaka Prosper alinionyesha mapafu," akasema. "Nataka kuona yaliyobaki." Kisha akanitazama mimi.

Mimi ninayejibu hata nisiyoulizwa nikaahirisha kikao. Sijui kama hiyo kazi unaipenda. Sijui ukiinama asubuhi kwenye hiyo darubini unaona nini, hamira au mshahara. Mwenye kujua ni wewe, na wewe umejikunja huko Dar kama konokono wa mgombani aliyetiwa chumvi. Uoga wako ungekuwa wako peke yako ningekuachia, uuzeeshe. Lakini unamfungia mtoto wangu mlango, na wewe ndiye uliyemwonyesha kuwa kuna mlango.

Jumapili ijayo, baada ya misa ya pili, ukoo unakaa tena kwangu, na safari hii wanakata shauri. Mchango sikuombi. Bia sikuombi, ingawa siwezi kukuzuia.

Ila nakudai shikamoo. Nakudai za Krismasi zote ulizotukwepa. Nimezifuta zote, imebaki moja. Ilete mwenyewe, kwa mdomo wako. Nikishaitikia, nenda kakae benchi la Resti, na Filipo akiuliza mtu wa viumbe mwisho wake huwa nani, umjibu wewe. Hata kama jibu ni baya, liwe la mtu aliyepita njia hiyo.

Ni mimi, baba yako mkubwa,
Uru