Rangi ya Geti Imetoka Kwenye Gitaa Lako

Nyumbani kwa Dorika,
Utemini, Singida.
14 Septemba, 2024

Mpendwa Kaka Melkizedeki,

Shikamoo kaka. Habari za huko ugenini Ndola, na za kazi? Laurenti dereva aliniambia alikukuta unakohoa. Natumaini kifua kimetulia na barua hii inakukuta mzima. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Upepo wa kwetu unaujua. Mwezi huu unataka kung'oa hata mabati, lakini wenyewe tungalipo.

Najua utashangaa kupewa bahasha. Nikikupigia simu, kila nikimtaja Baba unasema mtandao mbovu, unakata. Basi nimemwambia Laurenti ashuke kwenye lori lake akuwekee hii mkononi. Karatasi haina mtandao mbovu. Na ninachotaka nakisema mapema usije ukahangaika kukitafuta: nataka urudi umwone Baba, Krismasi hii, sio nyingine. Miguu yake imeisha nguvu. Tangu Pasaka nimemtoa kijijini Ulemo, anakaa kwangu.

Sasa sikiliza. Siku ya kuhama alibeba vitu vitatu: Biblia, kile kiti chake cha kamba, na gitaa lako la umeme limefungwa kwenye shuka. Mimi nilidhani alishaligawa zamani! Kumbe miaka kumi na miwili lilikuwa chini ya kitanda chake, bado na ile rangi ya kijani ya geti aliyolipaka asubuhi ile, wewe umelala baada ya kupiga muziki baa. Hasira zake: mzee wa kanisa, mwanawe yuko baa! Ukaamka, ukaliona, ukaondoka bila hata kumwamkia. Sikulaumu, wala yeye simtetei. Gitaa lile ulilinunua kwa vitunguu vyako vya misimu miwili, na palizi nilikusaidia mimi.

Nikasema hili nitalivua rangi. Kazi yangu unaijua: hapa Utemini kochi au kabati likichakaa linaletwa kwangu, na mafundi wanaume wamezoea. Sikuomba ruhusa kwa mtu. Nikatoa nyuzi, zilikuwa kutu tupu. Nikafungua shingo, nikavitoa vile vifaa vya umeme na kuvipiga picha kwanza nisije nikachanganya waya. Halafu nikakaa na msasa.

Rangi ya geti ina kiburi, kaka. Inaziba msasa, unakung'uta, inaziba tena. Siku ya pili nikafika pale mkono wa kulia unapoegemea, nikaona msasa unavuta nyuzinyuzi. Nikajua nimeharibu mbao. Kuangalia vizuri, ni plasta. Plasta nyeupe ya hospitali, ile ya vidonda, iko chini ya rangi! Nikaibandua polepole kwa ncha ya kisu. Chini yake jina lako, MELKI, vilevile ulivyoliandika kwa msumari wa moto. Rangi haikuligusa hata tone.

Plasta ile ilikuwa imekatwa kwa mkasi, kona zote nne zimenyooka, ikabandikwa kwanza ndipo brashi ikapita. Mtu mwenye hasira anakumbukaje mkasi? Nililia kaka, sikufichi, na vumbi la kijani limejaa uso mzima.

Nikampelekea Baba pale alipokaa. Akazipapasa zile herufi kwa kidole, moja moja. Nikamuuliza kwa nini hapa alipaziba. Akasema, "Gitaa alinunua yeye. Jina nilimpa mimi." Basi. Akaomba maji ya kunywa.

Sasa ucheke kidogo. Vanishi ya kwanza niliipakia uani, mimi fundi wa miaka kumi na mitano, kwa sababu ya majivuno tu: nilitaka jirani yangu Aneth aone. Upepo ukaja. Dakika tano hazikufika, gitaa limejaa mchanga kama kashata iliyoanguka chini, na unyoya wa kuku juu yake. Aneth alicheka mpaka akashika ukuta. Nikalisugua lote upya, kimya.

Ndani nako vumbi linapenya. Nikawa najisemea kwa sauti kwamba ningepata chandarua kikubwa ningelining'iniza humo likauke salama. Chandarua kikubwa humu ndani ni cha Baba peke yake, nami sikuthubutu kumwomba. Nimetoka sokoni nakuta amekifungua mwenyewe, amekikunja, amekipakata. Kaka, yule mzee kusimama tu ni shughuli! Nikamwambia mbu watakumaliza. Akasema yeye na mbu wanajuana. Siku tatu kalala hivyohivyo, mikono imejaa vipele, na kila asubuhi swali lake ni moja: limekauka?

Limekauka. Nimepaka mara nne, mbao imetoa rangi ya chai kavu, unajiona uso. Hakuna fundi Singida hii atakayeliona kasoro, na akiwepo mlete. Shingo nimerudisha, waya nimeunga kwa kufuata picha. Nililichomeka kwenye spika ya shemeji yako Gervas, nikavigusa vile vifaa kwa bisibisi, ikalia "ko!" mpaka kuku wakatawanyika. Kwa hiyo umeme unafika. Kilichobaki ni nyuzi, na hizo sijanunua kwa makusudi. Hizo njoo nazo.

Sitaki kukubembeleza, lakini nakuambia ukweli kama ndugu: nakukumbuka mno, na nataka umkute Baba bado anakaa kitini.

Gervas anakusalimu. Mwanangu Shukuru anamwamkia mjomba wake, ingawa anakujua kwa picha tu. Shangazi Winfrida yuko Sepuka kwenye alizeti zake, anasema akikuona atakuchapa kwanza ndipo akukumbatie.

Nilipofika mstari huu Baba ameniuliza kutoka kitini kwake naandika nini. Nikamwambia namwandikia Melki. Akasafisha koo. Akasema, "Mwambie, marahaba."

Ameshaitikia, kaka. Umebaki wewe kumwamkia.

Mungu akuponye kifua, akushike mkono njia nzima mpaka mlangoni kwangu.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye kwa ukali wangu wote,

Dorika